Vigae vya Mchungaji Mwema



Likizo ya Julai mwaka jana, sisi mafrateri wawili wa falsafa kutoka Kahe tuliamua kufinyanga sanamu ya Mchungaji Mwema kwa ajili ya kigango chetu. Tulitaka iwekwe karibu na altare kila Dominika ya Nne ya Pasaka, siku ya kuombea miito, ambayo Kanisa huiadhimisha tangu mwaka 1964. Imani tuliyotaka ionekane katika udongo ule ilikuwa moja: Kristo hampotezi hata mmoja.

Darasani tulikuwa tumesoma visababishi vinne vya Aristotle: maada, umbo, mtendaji na kusudi. Yeye mwenyewe hutumia mfano wa sanamu, basi tukajiona tumeiva. Kumbe hatukujua hata kukanda udongo. Ilibidi tumtafute mfinyanzi, na tuliyemfahamu ni mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye kwake tulikuwa tunapakwepa. Mwanawe tulisoma naye tangu seminari ndogo, hadi alipoacha na kurudi nyumbani. Tangu arudi hatukuwahi kumtembelea. Kila likizo tulikuwa na sababu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu. Kumbe njia mnaijua.”

Alitupa udongo alioutoa kando ya mto, akatuonyesha namna ya kuukanda. Alituambia sanamu iwe na uwazi ndani. Hatukumsikiliza. Tulitaka Mchungaji imara, tukamjaza udongo tangu miguuni hadi mabegani. Tulimkausha kivulini siku kumi, kisha mama akapanga kuni, samadi kavu na mabua ya mahindi. Moto ulipokolea tukasikia mlio kama wa bunduki. Unyevu uliobaki katika kiwiliwili kile kinene uligeuka mvuke, ukakosa pa kutokea. Mchungaji alipasuka vipandevipande pamoja na kondoo wake.

Jioni ile tulifungua Yeremia. Katika sura ya 18 chombo kinaharibika mikononi mwa mfinyanzi, naye anakifinyanga upya, maana udongo bado mbichi. Lakini sura ya 19 inasema juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa: kikivunjwa, hakiundwi tena. Chetu kilikuwa cha sura ya 19. Tukaona kazi imeishia hapo.

Asubuhi tulikwenda kuaga. Mama alikuwa amekusanya vigae vyote. “Leteni kinu,” alisema. Mwanawe akatoka ndani, akatusalimu kwa sauti ndogo, akashika mchi. Yeye alitwanga, sisi tukachekecha. Unga ule wa vigae mama aliuchanganya na udongo mpya.

“Udongo mtupu husinyaa sana, halafu hupasuka,” alisema. “Huu ulishapita motoni. Ndio utakaousaidia huo mwingine.”

Hatukuthubutu kumtazama mwenzetu. Aliendelea kutwanga. Baadaye ndipo tulipomwomba msamaha, kwa maneno machache, naye akacheka: “Mlichelewa. Nilidhani mmekuwa maaskofu.”

Sanamu ya pili tuliifinyanga watatu, yenye uwazi ndani. Ilitoka motoni na doa jeusi begani na ufa mdogo kwenye sikio la kondoo. Ipo kanisani hadi leo.

Wapendwa wasomaji, tulianza kazi ile tukitangaza kwamba Kristo hampotezi hata mmoja, ilhali sisi wenyewe tulikuwa tumempoteza mmoja, tena jirani. Karibu kila parokia ina kijana aliyerudi kutoka seminari, au binti aliyerudi kutoka utawani. Wengine humwita “padre” kwa kejeli, wengine hukaa kimya kama sisi, na kimya kile nacho huumiza. Huyo naye amepita motoni. Anajua kusali, anajua upweke, anajua gharama ya kusema ukweli. Jumuiya zetu zinamhitaji.

Dominika hii baada ya Misa, mpitie nyumbani. Usimuulize kwa nini alirudi. Msalimie, kaa naye, na kama kuna kazi, mshike mchi pamoja.