Kutoka Bukavu Kwenda Kalehe na Mayai Thelathini

Anayetaka kuifahamu nchi yetu ya Kivu na ashike njia ya kandokando ya ziwa, itokayo Bukavu kwenda Kalehe. Atapita Mudaka, Miti, Kavumu na Katana. Kuume ataliona ziwa likimetameta. Kushoto ataiona milima ya Kahuzi imejifunika mawingu.

Siku niliyosafiri mimi, tulibanana ndani ya motokari kama kawaida. Mbele yangu aliketi mama mmoja mwenye katoni ya mayai juu ya magoti yake: mayai 30, mistari mitano yenye matundu sita sita. Kila shimo la njia lilitutikisa sote, wala hakuna yai lililogusa mwenziwe. Mwanafunzi mmoja, jirani yake wa kijijini, akamwuliza:

“Mama, mbona hayavunjiki?”

“Kila moja lina chumba chake, mwanangu. Ukiyatia yote sandukuni bila nyasi, moja litaligonga jingine, nawe utapata hasara ya mawili.”

“Na mayai yakiisha, katoni mwaitupa?”

“Siitupi. Inakwenda kitaluni.”

Maneno hayo yalinivuta. Tulipofika Kalehe, nikaomba ruhusa nikawafuata. Kitalu kilikuwa karibu na kijito, chini ya kivuli cha majani ya migomba. Katika masanduku ya mbao kuukuu zilikuwa zimeota mbegu za grevilea. Katika katoni za mayai, kabichi na nyanya.

Je, katoni yafaa kwa kila mbegu? La. Chumba chake ni kidogo. Mche wa mboga hukaa humo majuma machache tu, kisha huhamishwa. Mche wa mti hutaka kushusha mizizi yake chini, kwa hiyo hutolewa sandukuni ungali mdogo na kupandwa katika mfuko wenye kina. Je, sanduku litobolewe? Naam, chini yake, ili maji yapite, mizizi isioze. Je, katoni yaweza kuzikwa pamoja na mche? Ile ya karatasi yaweza, maana huoza udongoni. Lakini ukingo usiachwe wazi juu ya udongo, kwa sababu huyavuta maji na kukauka juani, mizizi ikapata kiu. Ile ya plastiki haiozi; sharti iondolewe. Na katoni iliyochafuliwa na kinyesi cha kuku isitiwe tena mayai wala chakula, kwani huweza kuchukua vijidudu vya maradhi ya tumbo. Aliyeishika anawe mikono kwa sabuni.

Nikamwuliza yule mama kwa nini anajisumbua hivyo kwa miche. Hakujibu mara moja. Alinyosha mkono kuelekea kaskazini, kwenye vilima vilivyo mbele katika njia hiyohiyo.

Nasi sote twakumbuka. Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, ikashuka na mawe na tope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Mvua kama ile ni kali. Hakuna awezaye kuapa kwamba miti peke yake ingaliizuia. Lakini kilima kilichonyolewa miti yake hakina kitu cha kuushika udongo, na mizizi ndiyo vidole vya mlima.

“Mayai nauza leo, tunakula leo,” akasema mama yule. “Miti hii si yangu mimi. Ni ya huyu mwenye maswali mengi.”

Kisha akampa yule mwanafunzi mche mmoja wa grevilea, aupande nyuma ya nyumba yao, mahali palipoinama. Kijana akauchukua kwa mikono miwili, akaenda polepole, akitazama kila jiwe la njia, kama mtu aliyebeba mayai.