Bunduki ya Abti

Bunduki kongwe ina mvuto wake. Nalisema hili nikijua kwamba kijana wa Kisomali kutoka Garissa si mtu wa kulitamka kwa sauti, hasa akiwa ndani ya basi la Nairobi na kizuizi cha polisi kiko mbele. Kwa wengine ni starehe ya wikendi tu. Huko Marekani na Uingereza mtu ananunua Lee-Enfield ya Vita vya Pili vya Dunia, anaipaka mafuta Jumamosi, anaenda nayo uwanja wa shabaha, anatoboa karatasi, anarudi kula chakula cha jioni. Nimezitazama video zao hadi bando ikaisha. Wazee wenye mvi wanasifia mbao na chuma vile wazee wetu wanavyosifia ngamia: ukoo wake, mwaka wake, nani alikuwa naye kabla.

Ninayoijua mimi haikutoka kwa video. Abti wangu, kaka yake hooyo, ni polisi wa akiba huko upande wa Balambala. Watu bado wanawaita KPR, ingawa jina lilibadilika zamani. Alipewa bunduki ambayo kaskazini nzima inaitwa Mark 4. Si mali yake. Ni ya serikali, ina nambari, na nambari hiyo imeandikwa kituoni kando ya jina lake. Lakini amekaa nayo miaka mingi kuliko alivyokaa na redio au simu yoyote.

Ina uzito wa kama kilo nne. Mbao zake zimefunika karibu mtutu wote, na pale shavu linapolala zimekuwa nyeusi na laini kama mpini wa jembe la zamani. Kwenye kitako kuna kijimlango kidogo cha chuma. Ndani yake, walioitengeneza waliacha nafasi ya kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Kichupa cha Abti kilipotea zamani, kwa hivyo anaweka mafuta kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Inabeba risasi kumi, na haifyatui mbili kwa mkupuo. Unainua mkono wa chuma ulio kulia, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele, risasi nyingine inaingia, unaushusha. Ndipo unaweza kupiga tena. Abti huniruhusu kuufanya mzunguko huo bunduki ikiwa tupu, na nakiri mlio wake ni mtamu. Ni kama mlango mzuri unaofungwa vizuri.

Ubavuni, upande wa kushoto, kuna maandishi: Long Branch, 1943. Nilidhani ni jina la mtu. Kumbe ni kiwanda kilichokuwa kando ya Toronto, Kanada, ambacho wakati wa vita kilitengeneza zaidi ya bunduki 900,000 za aina hii. Nilipomwambia Abti bunduki yake ilizaliwa kwenye theluji, alicheka hadi akakohoa. "Ndiyo maana haipendi vumbi," akasema.

Lakini hata huko kwao iliendelea kufanya kazi. Kanada ina kikosi cha akiba kinachoitwa Canadian Rangers, kilichoanzishwa 1947, na wengi wa watu wake huko kaskazini ya mbali ni wenyeji wa barafu. Kwa zaidi ya miaka 60 walibeba bunduki hii hii. Kule ni ya kumkinga mtu na dubu mweupe, huku ni ya kulinda ngamia na kisima. Sababu ya kuipenda ni moja pande zote mbili: ina vipande vichache, kwa hivyo hakuna mengi ya kuharibika.

Kwetu sisi bunduki za ukoo huu zilifika mapema. Awowe, baba yake Abti, alikuwa dubas, askari wa kienyeji wa serikali ya mkoloni katika NFD. Jina lenyewe linatokana na kilemba chekundu walichovaa. Mwaka 1941 aliona majeshi ya Waingereza yakielekea Kismayu kuwatoa Waitalia, vijana Waafrika wakiwa na Lee-Enfield begani. Kisha uhuru ukaja, na Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa kwetu. Vita vya shifta viliisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Hebu piga hesabu. Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kupata watoto chini ya sheria hizo. Novemba 1980 mitaa ya Garissa ilichomwa na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo kwenye ripoti yake ya 2013. Abti alikuwa mvulana, na alikuwa uwanjani humo. Miaka mingi baadaye, serikali hiyo hiyo ilimkabidhi bunduki.

Nilimuuliza alijisikiaje siku hiyo. Alifikiri, akasema, "Nilihesabu risasi mara tatu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mwaka 1991 Somalia iliposambaratika, AK-47 zilimiminika mpakani, na mtoto asiyejua kunyoa akaweza kumwaga risasi thelathini kabla hajaamua anampiga nani. Mark 4 haikupi nafasi hiyo. Kati ya risasi moja na nyingine kuna kazi ya mkono, na katika kazi hiyo kuna muda wa kufikiri. Nimemsikia Abti akiipiga mara moja tu, usiku, fisi walipozunguka zizi. Alipiga moja hewani. Sauti ilitupita, ikaenda hadi mtoni, ikarudi. Mimi nilikuwa bado natetemeka kwa raha, kusema kweli, wakati yeye alikuwa tayari amepiga magoti na tochi akitafuta ganda. Alilitafuta karibu nusu saa. Bila ganda, angesema nini kituoni?

Asubuhi nilimwomba nipige moja, moja tu, kwenye kichuguu.

"Abti," akaniambia (kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina lile lile analoitwa yeye), "ukiipiga wewe, nitaiandika kwa jina la nani?"

Basi nikaomba picha. Mimi na Mark 4, jua likizama nyuma, si mnajua vile ingependeza kwa Instagram. Alikataa hata hiyo, na safari hii hakutabasamu.

"Mimi nikipigwa picha na bunduki, naitwa polisi wa akiba. Wewe ukipigwa, utaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 22, sina kitambulisho cha chuo tena, sina barua ya kazi. Tangu Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kijana wa huku asiye na karatasi anajua swali linalomsubiri. Bunduki ni ile ile, mbao zile zile. Begani kwa Abti ni dhamana. Mikononi mwangu ingekuwa ushahidi.

Kwa hivyo nikiulizwa leo mvuto wa bunduki kongwe ni nini, sitasema ni mlio, ingawa mlio upo. Sitasema ni historia, ingawa ipo pia. Ninachokitamani ni kile alichonacho mzee mmoja huko Balambala: kupewa kitu cha hatari na kuaminiwa nacho.

Hata kuaminiwa huko ni kwa mkopo. Wale Rangers wa Kanada, walipoanza kupewa bunduki mpya 2018, waliruhusiwa kubaki na zile za zamani kama zawadi. Hapa Kenya, mwaka 2019, serikali ilizikusanya bunduki za polisi wa akiba katika baadhi ya kaunti za kaskazini ili wapigwe msasa upya. Abti anajua siku yake itafika. Anasema ataipeleka mwenyewe, ikiwa safi, na risasi zote zimehesabiwa.

Nilimuuliza angependa apewe nini siku hiyo. Nilitegemea aseme pesa, au medali, au aachiwe aining'inize ukutani.

"Karatasi," akasema. "Yenye muhuri. Iandikwe kwamba nimerudisha."