Nilifuata sahihi, nikakuta mizabibu

UKISEMA umekwenda Ufaransa, kila mshikaji anakuuliza habari za Paris. Mnara umeupanda? Manukato umeleta? Mwenzenu Paris niliiona kwa saa mbili, tena za stesheni, nikiwa nimelikumbatia begi kama mtu aliyebeba mshahara wa kiwanda kizima. Nikadandia treni ya mwendo kasi pale Gare de Lyon, saa moja na nusu na ushei nikawa Dijon. Nikabadili, nikapanda treni ya kawaida, dakika ishirini na kitu, Beaune hiyo! Huo ni mji mdogo wenye ukuta wa kale, umekaa katikati ya mashamba ya zabibu ya Burgundy, na kama hujui mvinyo basi hata jina hujawahi kulisikia. Mimi mtu wa bia baridi, sikuwa nalijua.

Nisiwafiche, sikwenda kutalii. Ndani ya lile begi kulikuwa na karatasi moja ya mauziano. Baba yetu alituachia eka mbili za zabibu nje kidogo ya Dodoma. Mama alitangulia, Baba akamfuata mwaka 2019, tukabaki watoto wanne. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, ardhi ya kule si ile tena, na dalali alishakuja na mtu wake anayetaka eka zote mbili akate viwanja. Sahihi tatu zilikuwepo, na yangu ikiwemo. Nina kibanda changu Mbagala kimegota kwenye lenta mwaka wa tatu sasa, bati nazisikia kwa majirani tu mvua ikinyesha. Ya nne ilikuwa ya dada yetu mkubwa, ambaye anaishi Beaune na mumewe na anafanya kazi ya kulea wazee. Kwenye simu alikuwa hasemi ndiyo, hasemi hapana. Mwishowe akakata tiketi mwenyewe, akasema: "Kama mnaitaka sahihi yangu, mmoja wenu aje kuifuata." Nikatumwa mimi, kitinda mimba.

Nilifika mwezi wa kumi, mavuno yamekwisha. Wasomaji, kuna rangi nilikuwa nadhani zinatiwa na wapiga picha. Mkoa wenyewe unaitwa Côte d'Or, mteremko wa dhahabu, na msimu huo majani ya mizabibu yanageuka njano, kilima kizima kinawaka bila moto. Mizabibu yao ni mifupi, inakufika kiunoni, imepangwa kwenye mistari iliyonyooka kama gwaride la Uhuru. Hakuna mwembe, hakuna mbuyu, hakuna mbuzi wa jirani. Kimya tu, na kengele ya kanisa.

Siku ya kwanza Dada hakutaka kusikia habari ya karatasi. "Mdogo wangu, kula kwanza, ulale, kesho nikutembeze." Kesho yake akanipeleka Hôtel-Dieu. Ukiiona kwa mbali unasema ikulu: paa lake lina vigae vya kung'aa vyekundu, njano, kijani na kahawia, vimepangwa kama mkeka wa ukindu. Kumbe ilikuwa hospitali ya maskini! Ilianzishwa mwaka 1443 na mzee mmoja Nicolas Rolin, mtu mkubwa kwa mtawala wa Burgundy wa zama hizo, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita na njaa. Mgonjwa wa kwanza alilazwa tarehe 1 Januari 1452, na wagonjwa waliendelea kulazwa humo mpaka karne ya 20.

Ukumbi wenyewe ni mrefu, dari yake ya mbao kama meli iliyopinduliwa, vitanda vimejipanga pande mbili na mapazia mekundu. Zamani walilala wawili wawili kitanda kimoja. Nikacheka, nikamwambia Dada kumbe hata hawa walibanana. Hakucheka. Yeye ndiyo kazi yake hiyo, kila siku anawageuza wazee wa watu vitandani.

Kuna chumba humo wameweka mchoro wa Rogier van der Weyden wa Siku ya Hukumu. Zamani ulikaa kwenye kikanisa mwishoni mwa ukumbi, wagonjwa waliutazama wakiwa vitandani, na ulifunguliwa Jumapili na sikukuu tu. Katikati amesimama malaika Mikaeli, uso hauna hasira wala huruma, ameshika mizani anawapima watu. Mtu mwenye karatasi ya kuuza shamba la baba yake hapendi kukaa mbele ya mizani ile muda mrefu. Nikajitia naangalia kamera yangu.

Lakini lililonikaa kichwani ni hili. Hospitali ile ilijiendesha kwa mashamba. Tangu mwaka 1457 watu wenye chao walikuwa wakiiachia vipande vya zabibu kwenye wosia, huyu mistari kadhaa, yule kona ya kilima. Leo inazo hekta 60 hivi, yaani kama eka 150. Kila Jumapili ya tatu ya Novemba mvinyo wake unanadiwa kwa mapipa ya lita 228, mnada ulioanza mwaka 1859, na fedha zinakwenda hospitali. Karne zaidi ya tano! Sisi kwetu shamba la mzee halijamaliza hata miaka kumi.

Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache ila ukimgusa kwenye udongo anageuka mhadhiri. Siku iliyofuata alitupakia kwenye gari lake, tukaelekea kaskazini. Akatueleza hivi: juu kabisa ya kilima udongo ni mwembamba, mawe matupu. Chini bondeni karibu na barabara kuu udongo ni mzito, maji yanatuama. Katikati ya mteremko ndipo pana raha, maji yanapita, jua la asubuhi linapiga sawasawa. Kwa hiyo hatua mia tu zinaweza kutenganisha mvinyo wa kunywea chakula cha kawaida na mvinyo wa matajiri, japo zabibu ni aina ileile, Pinot Noir kwa mwekundu na Chardonnay kwa mweupe. Kila kipande wamekipa jina na mpaka wake. Wanaviita climats, viko zaidi ya 1,200, na mwaka 2015 UNESCO ikaviingiza kwenye urithi wa dunia. Urithi wa dunia, jamani, si kasri wala mnara. Ni majaruba!

Tukafika Clos de Vougeot. Hapo kuna ukuta wa mawe umezunguka hekta 50. Kazi ya watawa wa Cîteaux hiyo, waliolianza shamba karne ya 12, na ndani kuna jumba la kale lenye mashine za mbao za kukamulia zabibu, kubwa kama mizani ya kupimia malori. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, watawa wakanyang'anywa. Likauzwa, likauzwa tena. Leo ndani ya ukuta uleule kuna wamiliki zaidi ya 80! Mmoja ana mistari kumi, mwingine mitano. Shemeji akasema chanzo kingine ni sheria ya Napoleon ya mwaka 1804: baba akifa watoto wote wanapata, mkubwa hachukui peke yake. Miaka mia mbili ya kugawana, shamba linakuwa leso.

"Mbona hawauzi tu wakagawana fedha?" nikauliza.

"Wapo wanaouza," akajibu. "Kodi ya mirithi nayo inawasukuma, kwa sababu ardhi imekuwa ghali. Wanaobaki wanapangishana. Mmoja analima, wengine wanapata chao."

Dada alikuwa kimya kiti cha mbele. Nilijua ananisikiliza.

Karibu na hapo, Vosne-Romanée, kuna kipande cha hekta 1.8 tu, eka nne na nusu hivi, kinaitwa Romanée-Conti. Kina msalaba wa mawe na kiukuta unachoweza kukiruka bila kuvua viatu. Chupa moja ya kipande kile, ya mwaka 1945, iliuzwa mnadani New York mwaka 2018 kwa dola 558,000. Chupa moja! Nikapiga hesabu ya bati nikaacha. Mwaka ule wa 1945 ndio ulikuwa wa mwisho kabla ya kung'oa mizabibu ya kale. Wengine karibu wote walishang'oa zamani, maana karne ya 19 kilikuja kidudu kutoka Marekani kinaitwa filoksera, kikala mizizi nchi nzima, na dawa ikawa kubebesha mizabibu ya Kifaransa juu ya mizizi ya Kimarekani. Hata majirani wale wenye majina makubwa, chini ya ardhi wamesimama kwa miguu ya kuazima. Hilo lilinifurahisha kidogo.

Jioni tukaingia ghala la chini kwa chini la mkulima mmoja rafiki wa Shemeji. Baridi, giza, ukuta una ukungu mweusi. Nikapewa tone kwenye glasi. Nikameza. Wenzangu wote wakasukutua na kutema kwenye ndoo! Mvinyo wa bei ile, wanatema. Nikaona bora niendelee kumeza, uungwana wa kwetu hauniruhusu kutema cha mtu.

Mzee yule aliposikia nyumbani tunalima zabibu akasogeza kiti. Nikamwambia Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena mwezi wa nane au wa tisa. Alidhani Dada amekosea kutafsiri. Yeye anavuna mara moja, na barafu ya mwezi wa nne ikipiga machipukizi, mwaka umekwenda. Kisha akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: "Shamba lenu linaitwaje?"

Dada akajibu kabla yangu, tena kwa Kiswahili kwanza: "Kisimani na Mbuyuni."

Nilikuwa nimeyasahau majina hayo. Baba ndiye aliyeyatoa. Eka ya juu penye mbuyu ni Mbuyuni, changarawe tupu, zabibu zake ndogo na tamu. Eka ya chini penye kisima ni Kisimani, na hiyo ndiyo aliyoipanda kwanza, akimwagilia kwa ndoo, Dada akiwa darasa la tatu na akibeba ya kwake. Kwenye karatasi iliyokuwa begini imeandikwa "eneo la eka mbili". Basi.

Siku ya mwisho tulichukua baiskeli, mimi na yeye tu, tukafuata njia ya mashambani inayotoka Beaune kwenda Santenay. Tulipita Pommard, Volnay, tukapumzika Meursault ambako ofisi ya mji nayo ina paa la vigae vya rangi. Mvua ikatukuta mbele, tukajibanza kwenye kibanda cha mawe kilichojengwa shambani, mawe yaliyookotwa humohumo wakati wa kulima. Ndipo akasema, "Haya, lete."

Nikampa. Akaisoma yote, akairudisha bila kuitia kalamu.

"Mbuyuni uzeni. Fungu langu la Mbuyuni chukua wewe, ukaezeke. Kisimani sitii sahihi."

"Zabibu bei inayumba, Dada. Msimu mwingine wanunuzi hawaonekani. Na nani atalima? Wewe uko huku."

"Binamu anapogoa mpaka leo, mmewahi kumlipa? Nitamlipa mimi. Wewe utakwenda kila mavuno, ni basi tu kutoka Dar, au treni."

"Na Kaka nimwambie nini?"

"Mwambie na wewe una sahihi. Asifikiri umetumwa tu."

Mvua ilikatika, tukaendelea na safari, na hatukulizungumza tena mpaka anaagana nami stesheni ya Beaune, analia na kunisukumia mfuko wa jibini niliyojua itanuka mpaka Dubai.

Dijon nilikuwa na dakika arobaini za kusubiri. Nikampigia Kaka. Nikamsomea masharti ya Dada moja baada ya jingine. Akanyamaza, nikasikia tu redio ya dukani kwake. Halafu akasema mnunuzi hataki eka moja, anataka zote au hakuna, na kwamba Dada mmoja hawezi kutuzuia watatu.

"Hatuko watatu," nikamwambia. "Kisimani hata mimi siuzi. Lile karatasi andikeni upya."

Akakata simu. Treni ilipoingia nilikuwa nimeshaanza kuhesabu: fungu langu la Mbuyuni na lile la Dada, kama mnunuzi atalegea, linatosha bati za upande mmoja.