Swali la Saba

 Haya ninayoyaandika nimeyaandika kwa idhini ya mama yangu mzazi, na kusema kweli ni kwa amri yake. Mimi mwenyewe ningependa yabaki ndani ya kuta za nyumba yetu hapa Kilwa Kivinje, kwani hayanipi sifa njema. Lakini Bi Mkubwa amesema mara tatu, na mwana hana hoja mbele ya neno la mama lililokaririwa mara tatu.

Mama yangu aliuza mchele na ufuta sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanaomjua wanakijua kibaba chake. Alikijaza hadi kikafanya kichuguu, kisha akaongeza ukufi mmoja juu ya nyongeza, akisema huo ni wa Mungu. Mchele uliopata mchanga aliutenga pembeni na kumwambia mnunuzi kabla hajauliza. Nimekulia chini ya meza hiyo. Leo nina duka dogo la vifaa vya ujenzi kule Kilwa Masoko, na jioni nasomesha watoto chuoni. Watu huniita Maalim, na jina hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe kizito kukisimulia.

Mwezi wa Rajabu, mwaka juzi, alinijia kijana mmoja wakala wa bima ya afya, ambaye tunaswali naye safu moja. Alinieleza faida za kuikatia bima familia nzima: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama. Nilikubali. Biashara ya mtu kama mimi haina mwajiri wa kunichangia, na nilikwisha kuona majirani wakiuza mashamba kwa sababu ya ugonjwa wa siku kumi tu. Fomu ilikuwa ya kurasa nne, kwa Kiingereza. Kijana alisoma, mimi nikajibu, yeye akaandika.

Tulipofika swali la saba alisita. Swali lilitaka kujua iwapo yeyote kati ya wanaoombewa bima amewahi kuugua au kutibiwa shinikizo la damu, kisukari, moyo, figo, saratani au selimundu. Mama alikuwa na miaka sita ya presha. Kadi yake ya kliniki hukaa katika mkoba mmoja na kitambulisho chake, na kila mwezi alikwenda kupimwa na kuchukua dawa. Nikamwambia kijana hivyo. Akashusha sauti: "Maalim, ukisema ndiyo hapa, fomu itarudi Dar es Salaam, watataka vipimo, na ada itapanda. Presha ni ya kawaida kwa watu wazima. Tuweke hapana."

Nikanyamaza. Kalamu ikapita kwenye "hapana", kisha nikatia sahihi yangu chini ya ukurasa wa nne, mahali palipoandikwa kwamba yote yaliyomo ni kweli kwa kadiri ninavyojua.

Usiku ule, mama akiwa kwenye mkeka wake baada ya Isha, aliniuliza: "Mwanangu, umewaambia hao watu habari ya presha yangu?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Akasema alhamdulillah, akaendelea na uradi wake.

Miezi kumi na saba ilipita. Ada ya mwaka wa kwanza tulilipa, na ya mwaka wa pili tukalipa. Mtoto wangu wa pili alitibiwa homa ya mapafu kwa kadi ile bila tatizo lolote, nami nikawa mpigia debe mkubwa wa bima katika baraza yetu. Kisha, katika Mfunguo Tatu, siku chache baada ya Idd Kubwa, mama aliswali Alfajiri, na tasbihi ikamdondoka mkononi. Alipotaka kuiokota, mkono wa kushoto haukumtii. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi.

Tulipita Nangurukuru jua likichomoza, tukaishika barabara ya kwenda Dar es Salaam, takriban kilomita mia tatu, kichwa cha mama kikiwa pajani mwa dada yangu. Hospitali iliipokea kadi yetu. Daktari aliuliza historia yake, na dada yangu, ambaye hakujua lolote kuhusu fomu, akaeleza yote kwa uaminifu: presha kwa zaidi ya miaka saba, majina ya dawa, na miezi ambayo dawa zilikosekana. Daktari akayaandika. Siku ya nne niliitwa ofisi ya hesabu, nikaambiwa kampuni imesimamisha kibali. Siku ya tisa ikaja barua ya aya mbili. Ilisema mama alikuwa na shinikizo la damu kabla ya kujiunga, kwamba jambo hilo halikutajwa katika swali la saba, kwamba madai yamekataliwa, na kwamba bima yake inahesabiwa kuwa haikuwahi kuwapo. Ada zake zitarejeshwa.

Deni la hospitali lilifika shilingi 6,430,000. Tuliuza ufuta wote wa msimu ule, nikauza mabati na saruji iliyokuwamo dukani kwa bei ya hasara, na jamaa wa msikitini wakachanga. Allah awalipe kheri. Mama alirudi Kivinje akiwa hai, upande wa kushoto ukiwa dhaifu na maneno yakitoka moja moja.

Katika baraza watu walisema bima ni wizi: wanapokea fedha zako ukiwa mzima, na ukiugua wanatafuta sababu ya kukukimbia. Nami nikaitikia. Nilisema zaidi yao. Huo ukawa uongo wangu wa tatu, baada ya ule wa fomu na ule wa mkekani.

Mama alitaka asomewe barua. Nilijaribu kuahirisha, lakini aliinyosha mkono wake wa kulia akaishika, akanipa. Nikasoma, nikaifasiri. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza kwa taabu: "Wanasema mimi nilificha?" Nikasema ndiyo. Akaniangalia. "Mimi nilikuuliza."

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikamweleza yote, tangu kijana aliposhusha sauti hadi sahihi yangu. Hakunikaripia. Alisema tu, "Basi si wao walionipunja." Baadaye akaongeza kwamba amepimia watu kwa miaka thelathini, na leo jina lake limo katika daftari la Dar es Salaam kama mtu aliyepunja kibaba. Ndugu zangu, deni la hospitali nimelimaliza. Neno lile bado nalilipa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na darasa chuoni, na somo lilikuwa hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta unyevu chini. Akamkemea muuzaji kwa kuuficha, na akabainisha kwamba anayewaghushi watu hayumo katika njia yake. Watoto waliisoma vizuri. Mimi ndiye sikuweza kuifafanua. Fomu yangu ilikuwa rundo lile, kavu juu na mbichi chini.

Tangu siku ile nimejibidiisha kulielewa jambo lenyewe. Ndugu yetu mmoja mwanasheria wa Lindi alinieleza kwamba bima ni katika mikataba michache ambayo sheria huidai nia njema kwa kiwango cha juu kabisa. Sababu ni kwamba anayeomba bima ndiye anayeujua mwili wake, na anayetoa bima hana macho ya kuona ndani. Kanuni hiyo iliwekwa wazi na jaji Mwingereza, Lord Mansfield, mwaka 1766, katika kesi iliyohusu ngome ya Waingereza huko Sumatra. Lakini akanionesha pia jambo ambalo watu husahau: jaji yule alisema wajibu wa kusema kweli ni wa pande zote mbili, na katika kesi ile mtoa bima hakushinda. Mwenye bima akilijua jambo, au akiwa na njia nyepesi ya kulijua, naye hana ruhusa ya kulifumbia macho huku akipokea ada.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kwenda mbali ili kulifahamu hili. Tunavyo vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Kila mtu hutoa kidogo, na msiba ukimfika mmoja, sanduku hufunguliwa. Sasa aje mtu ajiunge leo, ilhali nyumbani ameacha mgonjwa mahututi ambaye hakumtaja, na keshokutwa adai sanda na ubani. Wanachama watamzika maiti, kwa kuwa ni Waislamu, lakini je, hatakuwa amekula cha wenzake? Fedha ya bima ni ya wachangiaji wengine. Niliyemdhulumu kwa "hapana" yangu ni mama mjane wa mji mwingine aliyesema "ndiyo" na akatozwa zaidi.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Fomu ya Kiingereza mbele ya wanunuzi wa Kivinje ni kasoro. Wakala anayelipwa kwa kila fomu inayopita ana sababu ya kuharakisha swali la saba. Na kampuni inayoacha kuchunguza siku ya kupokea ada, ikaanza kuchunguza siku ya kulipa, haijatimiza nia njema inayoidai kwa wengine. Haya yote nimeyaandika kwa kampuni husika, nikiwa nimekiri kosa langu kwanza. Ada zilirudi. Madai yalibaki yamekataliwa, nami sikukata rufaa, kwa sababu ningehitaji uongo wa nne. Lakini aliyekataliwa kwa ugonjwa ambao kweli hakuujua, au kwa ugonjwa usiohusiana na ule aliotibiwa, asinyamaze. Adai sababu kwa maandishi, alalamike kwa kampuni, kisha asipotosheka aende kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wako watakaouliza kuhusu bima yenyewe. Mwaka 1985 Jopo la Kimataifa la Fiqhi lilipokaa Jeddah lilikataa bima ya kibiashara yenye ada maalumu kwa sababu ya gharari iliyomo, na likaruhusu ile ya kusaidiana. Nchini mwetu takaful sasa imeanza, nasi tuwaulize masheikh wetu. Ila mtu asidhani kwamba kwenye takaful hakuna swali la saba. Lipo, na pengine lina uzito zaidi, kwani pale anakuuliza ndugu yako.

Tusisahau pia kwamba si kila mfuko humchuja mgonjwa. Mtumishi wa umma, tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, hukatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri hutoa asilimia tatu, na haulizwi kwanza kama ana presha. Linawezekana kwa kuwa wote huingia, wazima na wagonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imejengwa juu ya fikra hiyo hiyo. Mimi mwenye duka naingojea kwa matumaini.

Kwa sasa, enyi wenye familia, nawausia haya. Fomu isomwe yote kwa lugha mnayoifahamu kabla ya sahihi. Waketi pamoja wanaokatiwa bima, na kila mmoja ajisemee. Ugonjwa uliotulia kwa dawa bado ni ugonjwa, utajeni. Ulizeni kipindi cha kusubiri na magonjwa yasiyolipiwa. Bakini na nakala ya fomu nyumbani. Na mkiambiwa "tuweke hapana", kumbukeni kwamba wakala huondoka, sahihi hubaki. Kumsitiri mgonjwa ni jambo jema barazani, lakini mbele ya mkataba sitara hiyo hugeuka ghushi.

Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Allah (S.W.) ameagiza mikataba ya deni iandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na iwapo anayedaiwa ni dhaifu au hawezi kusema mwenyewe, basi msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu badala yake. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi. Sikujua kwamba msimamizi yule ni mimi, na kwamba dhaifu yule ni mama yangu kwenye mkeka.

Rajabu ya mwaka huu tulijaza fomu mpya, ya kampuni nyingine. Mama aliketi mlangoni, nikamsomea swali moja moja kwa Kiswahili, naye akajibu. Tulipofika swali la magonjwa, nafasi haikutosha, tukaendeleza nyuma ya karatasi: presha, mwaka ilipogundulika, kiharusi, dawa zote. Akaniambia nisome tena nilichoandika. Nikasoma.

Jibu halijaja. Huenda likawa la kukataa, au la ada tusiyoiweza. Nilipomwambia hivyo alisema, "Likiwa hapana, litakuwa hapana ya halali." Kisha akamwita mjukuu amletee kibaba, maana mnunuzi alikuwa amesimama, na kwa mkono wa kulia akaongeza ukufi juu ya kichuguu.

Namwomba Allah ampe shifaa yeye na wagonjwa wetu wote, atusamehe tuliyoyaficha, na atujaalie ukweli katika ndimi zetu na kalamu zetu. Wabillahi tawfiq.