Gobore la baba mkubwa: lisome kabla ya kulishika

Katika nyumba nyingi zinazopokea wahami wa vita nimekuta gobore limelazwa nyuma ya mlango au limefungwa ndani ya mkeka. Watu wameacha mashamba na mbuzi, lakini bunduki ya babu wamekuja nayo. Ukiuliza ni ya namna gani, wanajibu tu: ni ya zamani. Ukiuliza kama ndani mna baruti, wanaangaliana.

Kwetu pia liko moja. Baba mkubwa alilinunua kwa mwindaji wa upande wa Kasongo, kwa mbuzi watatu. Muuzaji alimwapia kwamba ni silaha ya watu wa Tippu Tip. Alipofariki, wadogo zangu walitaka kuliuza mjini kwa bei kubwa, juu ya jina hilo, wapate karo ya watoto. Niliwaomba wangoje kwanza tulisome.

Tulimwita mzee mmoja aliyewinda tangu ujana wake. Hakugusa mtambo. Aligeuza mdomo wa mtutu mbali na watu, akafukuza watoto, akazima moto wa jikoni. Halafu akatelemsha mdeki ndani ya mtutu pole pole, akautia alama pale unapotokea mdomoni. Akautoa, akaupima kwa nje. Kama mtutu ungekuwa mtupu, mdeki ungefika karibu na tundu la moto. Ulipungua upana wa vidole vinne. Gobore lilikuwa limeshindiliwa, na watoto wetu walikuwa wakilichezea miaka yote ile. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki, inangoja cheche. Mzee aliilowesha maji kwanza, ndipo akaitoa.

Baada ya hapo tukaanza kusoma chuma. Gobore hujazwa kwa mdomoni: baruti, kizibo, halafu risasi. La gumegume lina jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche kwenye kisahani cha baruti. La fataki lina nyundo inayogonga kifuniko kidogo juu ya kifa. Letu lilizaliwa la gumegume, maana ubavuni kuna matundu ya misumari ya mtambo wa kwanza. Mfua chuma wa kijijini ndiye aliyelifungia kifa na nyundo, na kitako alikichonga upya kwa mti wa kwetu.

Chini ya mtutu, tulipofuta kutu, tukaona duara refu lenye herufi ELG, na taji juu yake. Hiyo ni alama ya mji wa Liège, Ubelgiji, ambako mitutu ilijaribiwa kabla ya kuuzwa. Taji liliongezwa mwaka wa 1893. Tippu Tip alikuwa ameondoka Kongo mwaka wa 1890, naye alifariki Zanzibar mwaka wa 1905. Basi hadithi ya muuzaji ilianguka.

Lakini tulipata hadithi ya kweli. Mtutu ni laini ndani, hauna mifereji. Mwaka wa 1890 mkutano wa Brussels, ulioitishwa kupinga biashara ya watumwa, ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini ziliachiwa nafasi. Ndiyo sababu viwanda vya Ulaya viliendelea kutuletea silaha ambazo majeshi yao yalikwisha kuziacha zamani. Mababu zetu hawakupenda uzee wa bunduki hizo. Ndizo walizoruhusiwa kununua.

Si kila gobore lina alama. Mengi, yale yanayoitwa pupu, yamefuliwa huku huku kwa bomba la maji au la usukani wa gari. Bomba halikutengenezwa kubeba nguvu ya baruti, linaweza kupasuka usoni mwa anayelipiga. Na hata mtutu wa Liège ukiliwa na kutu, hauaminiki tena.

Wadogo zangu hawakuliuza. Mnunuzi wa mjini alikuwa amekataa kusema atalipeleka wapi, na hatukutaka lirudi vijijini mikononi mwa vijana. Tumelipeleka kwa wakubwa wa serikali tukiwa na chefu wa kijiji, maana sheria ya silaha ya mwaka wa 1985 inadai kibali. Karo tutaitafuta kwa mihogo.

Ninyi mnaohama, msitembee nalo njiani. Kwenye kizuizi, askari haulizi umri wa bunduki. Mwiteni mtu anayejua alipime, watoto wakae mbali, halafu chefu aelezwe. Urithi wa babu ni habari zake. Hizo mnaweza kuzibeba bila kibali.