Kusubiri na Kujizuia

Mapenzi yamesifiwa sana katika vitabu vya lugha zote, lakini kujizuia kumesifiwa kidogo. Sababu yake si ngumu kuiona. Mapenzi hutenda, na kujizuia huonekana kama kutotenda. Na msomaji aghalabu hupenda kuona jambo likitendeka. Walakini iko aina moja ya hadithi ambayo haiwezi kusimama bila ya kujizuia, nayo ni hadithi ya mtu mzima anayependwa na kijana aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Katika hadithi ya namna hiyo kila neno ambalo mtu mzima halisemi, na kila hatua asiyoipiga, ni tendo. Nataka kuzungumza juu ya hadithi mbili za aina hiyo, kisha nizichukue mpaka Shinyanga na Geita, nchi iliyonilea, tuone kama zina la kutufaa.

Hadithi zenyewe ni za Kijapani. Huitwa manga, nazo ni riwaya zisimuliwazo kwa picha na maneno machache. Wanafunzi wangu huzisoma katika simu zao, na mmoja wao alipotaka kuzilinganisha na riwaya za Kiswahili katika tasnifu yake, ilinibidi nizisome. Nilizianza kwa wajibu wa mwalimu, nikazimaliza kwa hiari ya msomaji.

Ya kwanza huitwa Koi wa Ameagari no You ni, na mtungaji wake ni Jun Mayuzuki, aliyeitoa kwa sehemu tangu 2014 hata 2018. Msichana wa miaka 17, Akira Tachibana, alikuwa mkimbiaji hodari wa shule mpaka alipoumia kano ya kisigino. Akaacha mbio, akapata kibarua katika mkahawa. Meneja wa mkahawa ule, Masami Kondo, ana miaka 45. Ameachana na mkewe, ana mtoto mdogo wa kiume, na ujanani alitamani kuwa mwandishi. Msichana anampenda, na anamwambia hivyo waziwazi. Kondo hamcheki wala hamdhihaki. Si jiwe pia: anatikisika, maana ni nani asiyetikisika akipendwa baada ya kujiona amekwisha? Lakini anaona jambo ambalo msichana halioni. Anaona kwamba mkahawa wake ni mahali ambapo mtoto huyu amejikinga mvua, na mtu hajengi nyumba mahali alipojikinga mvua. Mwisho Akira anarudi uwanjani kukimbia, na Kondo anarudi kwenye kalamu yake. Wanaachana wakiwa wamenufaishana, na hakuna aliyemla mwenziwe.

Ya pili huitwa Usagi Drop, ya Yumi Unita, iliyotoka tangu 2005 hata 2011. Daikichi, kapera wa miaka 30, anakwenda mazikoni kwa babu yake na kumkuta mtoto wa kike wa miaka 6, jina lake Rin, ambaye jamaa wote hawamtaki. Anamchukua na kumlea. Nusu ya kwanza ya kitabu hiki ni katika maandishi mazuri niliyopata kusoma juu ya malezi. Kisha hadithi inaruka miaka 10. Rin sasa ana miaka 16, na yabainika kwamba yeye na Daikichi hawana damu moja, na kwamba anampenda yule aliyemlea. Daikichi anamwambia asubiri mpaka amalize shule. Akiwa na nia ile ile, basi. Rin anasubiri, nia haibadiliki, na mambo yanaelekea kwenye ndoa. Wasomaji wengi walikasirika. Wengine waliwajibu kwamba mzee yule hakukosa lolote: hakumgusa mtoto, na alisubiri.

Kisa hiki kina mababu. Karibu miaka 1,000 iliyopita Murasaki Shikibu aliandika, katika Hadithi ya Genji, habari za mwana wa mfalme aliyemchukua mtoto wa kike wa miaka kama 10, akamlea kwa namna aliyoipenda, kisha akamfanya mke. Genji alifanya kwa makusudi, Daikichi hakukusudia. Hata hivyo mlango waliotokea ni mmoja.

Sasa, msomaji, tazama tofauti ya wale wawili wa zama zetu. Kondo na Daikichi wote walijizuia wasiguse. Lakini mmoja alijizuia, na wa pili alisubiri, na mambo haya mawili si mamoja ijapokuwa kwa mbali hufanana kama pacha. Anayesubiri amekwisha kuona mwisho wa njia, naye yumo katika mwisho huo. Anayejizuia ameuacha mwisho mikononi mwa mwenziwe. Anayesubiri hutazama kalenda. Anayejizuia humtazama mtu.

Kwetu Usukumani jambo hili halikuhitaji kuletwa na meli kutoka Japani. Msomaji yeyote wa bara anajua utani wa babu na mjukuu. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", humuuliza kwa nini hakumpikia, humtishia kumwoa mwingine. Na mjukuu humjibu babu kwamba hataki mume asiye na meno. Watu hucheka. Neno limepewa uhuru kwa sababu tendo limefungwa. Na kama tendo lisingefungwa kabisa, neno lisingethubutu kutamkwa mbele ya watu. Wazee wetu walijua kwamba kati ya mkubwa na mdogo kuna mvuto, wakaujengea mchezo ulio na ukuta. Hadithi nzuri ya picha ni utani wa namna hiyo: huliachia wazo likimbie kwa kuwa ukuta upo.

Balaa huanza pale mtu asiye mtani anaposema "mke wangu" akiwa na fedha mfukoni. Katika uchunguzi wa taifa wa afya wa 2010, mkoa wa Shinyanga ulikuwa wa kwanza Tanzania: wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akitakiwa awe na 18. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikampa haki mwezi wa Julai 2016 na kuipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile mwezi wa Oktoba 2019. Mwaka ule mmoja ulipita, na mingine ikafuata, maneno ya 1971 yakiwa bado kitabuni. Sheria nyingine, ya elimu, ilirekebishwa 2016, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi wa shule.

Mwaka huo huo wa 1971 ulitupa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Humo baba anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya kijana wa rika lake, na baadaye wanaume wenye vyeo wanamtumia yule binti bila ya kizuizi. Riwaya zetu zimechora vizuri mzee mkorofi. Kila mtu akimwona humtambua. Ambacho zimetupa kwa nadra ni mzee aliyeweza. Ndiyo maana naona hadithi ya Kondo ina kazi kwetu.

Kazi hiyo niliiona katika ukoo wangu. Dada yangu aliolewa upande wa Geita, akafiwa na mume, akabaki akipika chakula cha kuuza katika machimbo ya wachimbaji wadogo. Binti yake alikuwa kidato cha tatu. Mwenye duara mmoja, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, asiyelewa, alimsaidia dada mabati ya nyumba, kisha akamlipia binti mahitaji ya shule ya mwaka mzima. Baada ya hapo akatuma wazee. Hakutaka kuvunja sheria. Alisema atasubiri binti amalize kidato cha nne ndipo alete ng'ombe. Baba wakubwa wa binti walimsifu sana. "Shemeji," mmoja aliniambia, "wenziwe huwachukua wakiwa darasani. Huyu ni muungwana, anasubiri."

Nami nakiri kwamba hakuwa mtu mbaya. Ukimlinganisha na wengi wa machimboni, alikuwa bora. Lakini nilipokaa na mpwa wangu peke yetu, nikamwuliza yeye anaonaje, hakusema kama anampenda au hampendi. Aliniuliza, "Mjomba, nikimaliza shule halafu nikasema sitaki, mabati yatashushwa?"

Sijapata kusikia katika darasa langu swali lililochambua jambo kwa ukamilifu kama lile. Mtoto alikuwa ameona kwamba subira ya mtu yule ilikuwa deni, na kwamba deni halimwachi mtu achague, bali humpangia siku ya kulipa. Kila asubuhi alipofungua daftari alilifungua kwa fedha ya mtu aliyekuwa akihesabu siku. Hakuguswa, na hata hivyo alikuwa amekwisha kushikwa.

Tuliketi ndugu wanne tukachanga. Tulirudisha thamani ya mabati na ya mahitaji ya shule kwa mafungu, katika misimu miwili ya pamba. Mwenye duara alipokea fungu la mwisho kwa uso wa mtu aliyetukanwa, na sidhani alielewa. Aliamini kwamba amejizuia. Wazee wa upande wa pili walisema elimu imenifanya nidharau heshima ya mtu. Mpwa wangu alimaliza shule. Ataolewa na nani, au hataolewa, ni habari yake.

Mtu aweza kuniuliza: je, tofauti ya umri yenyewe ni kosa? Sisemi hivyo. Watu wazima wawili wanaojimudu, mmoja wa miaka 30 na wa pili wa 50, wana haki ya kuamua mambo yao, na majirani wana haki ya kunyamaza. Kosa haliko katika hesabu ya miaka peke yake. Liko katika kile ambacho miaka imemrundikia mmoja na haijampa mwingine: fedha, cheo, maneno, kujua dunia inavyokwenda. Penye rundo hilo, mzigo wa kujizuia ni wa mwenye nacho. Haufai kutwishwa mtoto kwa kuambiwa ajitunze, wala baba kwa kupewa fimbo, wala sheria kwa kutajiwa umri. Wakati hadithi ya Kondo ilipoandikwa, sheria ya ndoa ya Japani ilimruhusu msichana wa miaka 16 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Umri ule ulipandishwa kuwa 18 mwaka wa 2022. Sheria ile haikumzuia Kondo, alijizuia mwenyewe. Sheria ni ua wa chini kabisa, na aliyeuruka ni mhalifu. Lakini asiyeuruka hajawa mwema kwa sababu hiyo tu.

Nasema haya nikiwa na umri wa Kondo, na nikiwa na duara langu. Mwenye machimbo ana dhahabu. Mhadhiri ana alama. Sheria ya rushwa ya 2007 inamkataza mwenye mamlaka kudai ngono kwa mamlaka yake, na ni vema. Lakini haina kifungu cha mwalimu anayemsaidia mwanafunzi kwa ukarimu mwingi, akamwazima vitabu, akamsomea mashairi, akasubiri siku ya mahafali. Huyo yuko huru mbele ya mahakama. Dawa yake ni kujiuliza swali la mpwa wangu: je, huyu akisema hapana kesho, ni kipi nilichompa kitakachoshushwa? Kama kipo, basi hakikuwa zawadi, na subira yake haikuwa wema.