Nani Atauziba Ufa?

Mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa kijiji kimojawapo cha wilaya ya Ruangwa na anayesomesha Nachingwea, alirudi kwao wakati wa likizo ya Juni akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba. Karatasi ile ilikuwa ramani ya nyumba. Kaka zake wawili walioko Dar es Salaam ndio walioituma: vyumba vinne vya kulala, sebule, jiko la ndani, choo cha ndani, na paa lenye migongo mingi la mtindo ambao mafundi wanauita msauzi. Nyumba ya marehemu baba yao, ya miti na udongo, ibomolewe, na mahali pake isimame hii. Mwalimu alitakiwa amwonyeshe mama yao kisha alete jibu.

Mama aliipokea karatasi, akaigeuza huku na huku, akataka aelezwe kila mstari. Alipokwisha kuelezwa alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali moja tu: "Na huo ukuta ukifanya ufa, mwanangu, mimi nitauziba na nini?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii hutolewa kumkemea mvivu. Walakin ndani yake mna jambo ambalo halisemwi: anayeambiwa azibe ufa anachukuliwa kwamba ana uwezo wa kuuziba. Udongo upo, maji yapo, na mikono inaijua kazi. Swali la mama yule lilielekea hapo hapo. Hakuuliza nyumba itapendeza kiasi gani wala itagharimu shilingi ngapi. Aliuliza kama nyumba ile itakuwa yake siku itakapoanza kuharibika.

Mwalimu alikuwa na sababu ya kutolipuuza swali hilo, kwani mji anaofanyia kazi ni mji uliozaliwa na ramani ya watu wengine. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilikubali mpango wa kulima karanga Tanganyika katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo, na huku kusini Nachingwea ndiyo iliyotegemewa. Kwa ajili ya karanga hizo ilianzwa bandari mpya Mtwara, na ikajengwa reli ya kupandisha mizigo mpaka Nachingwea. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kupangwa, ila ardhi yenyewe haikuulizwa. Huko Kongwa udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mashine zikavunjika. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulisitishwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Reli nayo haikufika mbali: ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Kilichobaki ni majengo, na historia ya majengo hayo haikuwa katika ramani yoyote. Shamba moja lililojulikana kwa namba tu, Farm 17, lilikabidhiwa chama cha ukombozi cha Msumbiji, FRELIMO, na tangu mwaka 1965 likawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wake. Samora Machel aliiongoza kambi hiyo, na mwezi Mei mwaka 1975 ndipo alipoanzia safari yake ndefu ya kutoka Ruvuma hadi Maputo kupokea uhuru. Si kila lililofanyika Nachingwea ni la kuimbiwa nyimbo. Mwezi huo huo wa Mei, mbele ya hadhara kambini, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisomeshwa maandishi ya kujikana mwenyewe, naye hakupata kuwa huru tena. Leo Farm 17 ni jina la shule ya sekondari. Watoto wanaingia darasani chini ya jina ambalo aliyelitoa alikuwa akihesabu mashamba ya karanga.

Mwalimu alizoea kuwaeleza wanafunzi wake habari hizi kama somo la historia. Siku ile, akiwa ameketi na mama yake barazani, aliziona kwa upande mwingine. Mpango wa karanga ulikufa kwa sababu haukuwa na mlango wa kumpokea mtu mwenye habari tofauti. Majengo yake yaliishi kwa sababu yalikuwa mepesi wa umbo: chumba kirefu, dirisha, paa. Chumba cha namna hiyo hakimlazimishi mtu. Kinaweza kuwa ghala, bweni au darasa, na anayekitaka kuwa darasa hahitaji ruhusa ya aliyekichora.

Wasomaji wa visiwani wanalijua jambo hili kwa njia yao. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba na virefu, vinavyofanana. Kufanana huko ndiko kulikoziwezesha nyumba za matajiri kuwa maduka, ofisi, shule na hoteli, na familia kuongeza ghorofa mtoto alipooa. Lakini kubadilika matumizi peke yake hakutoshi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa jumba la sherehe la sultani, ikawa ofisi za serikali zama za Waingereza, kisha ikawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, hali kazi ya ukarabati inaendelea, na watu wawili wakafa. Jumba lilikubali kila kazi lililopewa. Nyufa zake ndizo zilizokaa miaka mingi zikimsubiri wa kuziziba.

Kwa hiyo nyumba ya marehemu baba, kwa kipimo hiki, ingeonekana kuwa ndiyo bora kuliko zote. Nguzo zake zilikatwa porini, fito zikafungwa kwa kamba za magome, udongo ukakandikwa kwa mikono, na nyasi zikaezekwa juu. Nyumba ya namna hii hukua na wenyewe. Mtoto wa kiume akibalehe, huongezewa chumba ubavuni. Mgeni akiondoka, ukuta hutobolewa na vyumba viwili vikawa kimoja. Moshi wa jikoni hupanda darini, ukawafukuza wadudu wanaokula nyasi na nafaka. Kila kiangazi, kabla ya mvua za Desemba, mahali palipomomonyoka hukandikwa upya. Na ilipokuja Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu walipoambiwa waache makazi yao ya zamani wahamie vijijini, ujuzi huu ndio waliohama nao. Hawakuwa na saruji, lakini walijua kusimamisha nyumba.

Mwalimu alimwambia mama yake maneno yanayokaribia haya. Alidhani anamuunga mkono. Mama alicheka.

"Wewe unaisifu kwa sababu huilali," alisema. "Nyasi za kuezekea zamani tulizikata hapo nyuma. Sasa hapo pote ni mikorosho. Nguzo nzuri za kushindana na mchwa ziko mbali, na ukikata bila kibali unashitakiwa. Na hizo nyasi nikizipata, nani atapanda juu? Baba yenu hayupo. Kaka zako wako Dar es Salaam. Vijana wa jirani wanataka fedha, nao wana haki."

Maneno haya ndiyo yaliyomzindua mwalimu. Alikuwa ameitafuta hekima ya nyumba ndani ya udongo na nyasi, wakati haikuwamo humo. Ilikuwamo katika ujima: wanaume wa kuezeka, wanawake wa kuteka maji na kukanda, na pori lililokuwa karibu kiasi cha kutembea asubuhi na kurudi adhuhuri. Pori liliposogea na watu walipotawanyika, nyumba ile ile, kwa udongo ule ule, iligeuka mzigo. Ufa wa udongo umekuwa mgumu kuzibika kama ufa wa saruji.

Mama hakuwa na kinyongo na bati. Kinyume chake, alilitaka kwa hamu. Bati lina joto mchana, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani, lakini bati linakinga maji, na mwanamke aliyechota maji kwa kichwa miaka hamsini hahitaji kuhubiriwa thamani ya mfereji unaomimina ndani ya pipa. Asilolitaka ni paa lenye migongo sita na mabonde matano, ambalo kila bonde ni mahali pa kuvuja, na kila kuvuja ni safari ya kumwita fundi kutoka mjini.

Tena lilikuwapo suala la fedha, ambalo kwa wakulima wa kusini ni suala la korosho. Mwenye kupita kati ya Nachingwea na Ruangwa huona nyumba nyingi zilizosimama nusu: hapa msingi peke yake, pale kuta zilizofika kwenye lenta na majani yameota ndani. Mgeni hudhani ni uzembe. La hasha, ni hesabu. Msimu mmoja hununua mawe na saruji ya msingi, msimu wa pili hupandisha kuta, wa tatu huezeka. Bei ikipanda, kama ilivyopanda katika msimu wa 2017/18, nyumba hukimbia. Msimu uliofuata mambo yalikwama. Mwezi Novemba 2018 serikali iliwaondoa wanunuzi binafsi, ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisomba. Malipo ya wakulima wengi yakachelewa, na kuta zikabaki zinaloana mvua. Nyumba ya ramani ya kaka zake haikai vizuri katika kalenda ya namna hiyo. Paa la msauzi haliwezi kuezekwa nusu. Ama nyumba yote isimame, ama mama asubiri nje.

Jioni ile mama alichukua kijiti, akachora mchangani. Vyumba viwili vya upana mmoja, vimepangwa mstari, na baraza ndefu mbele. Paa la bati la miteremko miwili tu, ili kikiongezwa chumba cha tatu, paa lirefushwe bila kubomolewa. Msingi uchimbwe wa vyumba vinne tangu mwanzo, kwa kuwa msingi ndio usiorekebishika kirahisi. Ncha za kuta ziachiwe meno ya matofali, ili ukuta wa kesho ushikane na wa leo. Jiko libaki nje. Chumba cha mwisho kiwe na mlango wake unaotazama njiani. Tangu Ruangwa ilipokuwa wilaya mwaka 1995 mji umekuwa ukivuta watu, na sasa madini ya kinywe yanaleta wapangaji. Pengine siku moja mmoja wao atahitaji chumba, au mjukuu atataka duka. Nyumba ya zamani isibomolewe. Iwe ghala mpaka itakapoanguka yenyewe.

Mwalimu aliongeza jambo moja tu, nalo ni matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungamana yenyewe kwa yenyewe. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyafundisha kwa miaka mingi. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, na vijana wa kijiji wanaweza kujifunza kuyafyatua. Tofali likivunjika, la kuliziba pengo lake linaweza kufyatuliwa pale pale.

Kaka mkubwa alipopigiwa simu hakufurahi. "Mdogo wangu, watu watasema tumemjengea mama banda," alisema, na katika sauti yake mlikuwa na uchungu wa kweli. Kwa mtoto aliyetoka kijijini akafanikiwa, nyumba ya mama ndiyo shahada inayosomwa na kila mpita njia. Alikuwa ameweka akiba miaka minne kwa ajili ya paa lile. Si haki kulicheka tamanio hilo, wala mwalimu hakulicheka. Alimwambia tu kwamba fedha zile zinatosha kumaliza vyumba viwili kabla ya mvua, na kwamba kwa ramani nyingine mama atalala chini ya nyasi zinazovuja misimu mitatu mingine. Kaka alinyamaza. Siku ya tatu alituma fedha za msingi, bila neno.

Msingi ulichimbwa mwezi wa Agosti. Wachimbaji walishangaa kuambiwa wachimbe wa vyumba vinne kisha wajenge viwili, wakadhani fedha zimekwisha. Mama hakujishughulisha kuwaeleza. Kabla ya mvua vyumba viwili viliezekwa, na pipa likawekwa chini ya mfereji. Kwenye ncha ya ukuta wa mashariki meno ya matofali yametokeza nje, na jirani mmoja alipouliza kwa nini nyumba haikumalizwa, mama alimjibu kwamba anayejua nani atakuja kukaa humo baada yake ni Mungu peke yake, na yeye hakutaka kumfungia mtu huyo mlango.